Kiunganishi ni bure, gharama iko kwenye tokeni

WENYE kampuni wanaotaka akili mnemba isome stoo na vitabu vyao vya hesabu, badala ya kubahatisha majibu, hawalazimiki tena kutengenezewa kiunganishi kipya kwa kila programu.

Nafuu hiyo imeletwa na itifaki ya MCP, iliyotolewa bure na kampuni ya Anthropic ya Marekani Novemba 2024. Mshindani wake, OpenAI, aliikubali Machi 2025, na Google ikafuata Aprili. Si mara nyingi wakubwa hao hukubaliana haraka hivyo.

Hesabu yake ni rahisi. Kampuni yenye programu 5 za akili mnemba na mifumo 8 ya ofisini ingehitaji viunganishi 40. Chini ya MCP kila upande huandaliwa mara moja tu, yaani kazi 13.

Anayebeba mzigo ni programu ndogo iliyo ndani ya ile kubwa. Mafundi huiita mteja, jina linalomchanganya mfanyabiashara kwa kuwa hainunui chochote. Kwa kweli ni tarishi. Kila seva ina tarishi wake. Akifika huomba orodha ya zana: kutafuta ankara, kuangalia shehena iliyobaki, kutuma barua pepe. Orodha hupelekwa kwa modeli, modeli huchagua zana, tarishi hupeleka ombi na kurudi na jibu. Modeli yenyewe haigusi stoo.

Kwenye bei ndipo wengi wanapokosea. Itifaki haina ada, lakini maelezo ya kila zana husomwa na modeli kama maandishi mengine, na hutozwa kwa tokeni. Aliyeunganisha seva 6 zenye zana 20 kila moja huilisha modeli maelezo ya zana 120 kabla ya swali la kwanza kujibiwa, hata kama swali lenyewe ni bei ya mfuko wa saruji. Baadhi ya programu sasa hupakia zana pale tu zinapohitajika. Mnunuzi aulize hilo kabla ya kulipa.

Gharama nyingine haionekani kwenye ankara. Septemba 2025 iligundulika kuwa kifurushi postmark-mcp, kilichokuwa kwenye ghala la programu la npm, kilikuwa kinatuma kwa siri nakala ya kila barua pepe kwa mtu wa nje. Kampuni ya Postmark ilisema si chake. Matoleo ya mwanzo yalikuwa safi na watu wakakizoea. Mstari mmoja tu uliongezwa katika toleo la 1.0.16.

Programu nzuri humwomba mtumiaji idhini kabla ya zana kutumika, lakini hapo idhini isingefaa kitu. Mtumiaji angeona ombi la kutuma barua, wala si nakala iliyoongezwa ndani ya seva.

Kwa hiyo seva ichukuliwe kwa mwenye huduma mwenyewe, na toleo lake lisijibadilishe bila fundi kulikagua. Kwa mfumo wa hesabu, ipewe ufunguo wa kusoma tu. Malipo yaendelee kusainiwa na mhasibu.