MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Maisha ya mvumbuzi wa kioo cha tarakimu, na funzo lake kwa mafundi wetu

Ndugu msomaji, jioni ya leo utakapokuwa umeketi na jamaa zako, hebu tupa jicho upande huu na huu wa nyumba. Saa ya mkononi ya baba aliyerudi zamu, kikokotoo cha mama mwenye duka, kijisanduku cha Yaka kinachotuambia umeme uliobaki, na hata simu ya upepo iliyo kiunoni mwa askari: aghalabu vitu hivi vyote vina kidirisha kidogo cha kioo ambamo tarakimu nyeusi hutokea na kutoweka. Tumekizoea kioo hicho hata hatukioni tena. Hata hivyo, nyuma yake iko habari ya mtu mmoja aliyetoka shambani, na habari ya kesi ya hataza, yaani ile hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake pasipo idhini yake.

FUNDI ALIYEIBIWA BILA MLANGO KUVUNJWA

Nilipata sababu ya kuichunguza habari hii hapa hapa Kamwokya ninapoishi. Jumamosi moja niliipeleka televisheni yetu kwa fundi mmoja kijana mwenye kibanda karibu na soko. Nilimkuta pale sajini mmoja wa polisi akingojea redio yake. Fundi alikuwa akifanya kazi kimya, wala si desturi yake.

"Mwalimu," aliniambia, maana mtaani wengi huniita hivyo kwa ajili ya cheti changu cha ualimu, ingawa sasa kazi yangu ni ya ofisini, "mimi nimeibiwa bila mlango kuvunjwa."

Akatueleza. Alikuwa ametengeneza kibao chenye kioo cha tarakimu kinachoonyesha kiasi cha maji yaliyobaki katika tangi la juu ya paa, ili mama wa nyumba asipande ngazi kuchungulia. Mfanyabiashara mmoja alikuja, akakisifu, akauliza kinavyofanya kazi, akapiga picha, akaahidi kurudi. Hakurudi. Baada ya miezi michache vibao vya namna ile ile vilikuwa vikiuzwa mjini.

Sajini alitikisa kichwa. "Kijana wangu, ukija kituoni nitaandika nini kitabuni? Kitu unachosema kimeibwa bado kiko mkononi mwako."

Maneno hayo ya afande yalinikaa moyoni. Ni kweli kwamba mwizi wa kuku huacha manyoya, lakini mwizi wa wazo hupita mchana kweupe, na mwenyewe humkaribisha chai.

MTOTO WA SHAMBANI

Mtu ninayetaka kumweleza ni James Fergason. Alizaliwa tarehe 12 Januari 1934 huko Wakenda, mahali padogo katika jimbo la Missouri, Marekani, akakulia shambani. Mwaka 1956 alipata shahada ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Missouri, kisha akaajiriwa na kampuni ya Westinghouse kufanya utafiti huko Pennsylvania.

Huko alikishughulikia kitu ambacho wataalamu wengi wa siku zile walikiona kuwa mchezo tu. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa amechunguza namna ya mafuta yaliyotolewa katika karoti. Alipoyapasha moto yaliyeyuka kwenye nyuzi 145, lakini yakawa maziwa maziwa. Yalipofika nyuzi 178 ndipo yakawa safi kama maji. Kati ya hali hizo mbili vitu hivyo hutiririka kama majimaji, na huku chembe zake zimejipanga kwa utaratibu kama askari gwarideni. Ndiyo maana huitwa fuwele za majimaji. Kwa zaidi ya nusu karne elimu hiyo ilikaa vitabuni bila kazi kubwa.

Fergason aliona kwamba baadhi ya fuwele hizo hubadili rangi kwa mabadiliko madogo ya joto. Mwaka 1963 alipata hataza ya kutumia jambo hilo kupima joto. Akina mama wanakijua kizazi chake: ni ule utepe unaobandikwa kwenye paji la uso la mtoto ili rangi ionyeshe homa. Yafaa nikumbushe kwamba utepe huo haupimi malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati.

Mwaka 1966 Fergason alihamia Taasisi ya Fuwele za Majimaji ya Chuo Kikuu cha Kent, jimbo la Ohio, na mwaka 1970 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, iliyojulikana kwa kifupi kama ILIXCO.

KIOO KINAVYOFANYA KAZI

Siku hizo tarakimu za elektroniki zilikuwa na shida ya njaa: zilikula umeme mno. Saa ya Pulsar iliyotokea Marekani mwaka 1972 ilikuwa na taa nyekundu nzuri, lakini ili betri isife upesi, mwenye saa hakuona wakati mpaka abonyeze kitufe. Fikiria askari wa lindo mwenye bunduki mikono miwili, naye ataka kujua saa! Kabla ya hapo, mwaka 1968, kampuni ya RCA ilikuwa imeonyesha vioo vya fuwele vilivyotokana na kazi ya George Heilmeier na wenzake. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, lakini vioo vyenyewe vilihitaji umeme zaidi, na maisha yake yalikuwa mafupi.

Njia mpya ilikuwa hii. Chukua vipande viwili vya kioo, uache kati yake nafasi nyembamba kuliko unywele, ujaze fuwele za majimaji. Vioo hivyo huandaliwa ili chembe za upande mmoja zilale kuelekea, tuseme, mashariki, na za upande wa pili zielekee kaskazini. Basi zile za katikati hujipinda kidogo kidogo, kama ngazi ya kuzunguka, mpaka zipate robo ya duara. Kila upande wa nje hubandikwa kichujio cha nuru, kimoja kimesimama na kingine kimelala. Kwa kawaida vichujio viwili vilivyopishana hivyo huzuia nuru yote. Lakini hapa nuru huzifuata chembe, ikajipinda pamoja nazo, ikapenya.

Ukipitisha umeme kidogo, chembe husimama wima na msokoto hufunguka. Nuru sasa haina wa kuipindua. Hugonga kichujio cha pili, na mahali hapo huwa peusi. Kwa vijistari saba tu, vikiwashwa kwa zamu, unaweza kuandika tarakimu yoyote kuanzia 0 hadi 9. Na kwa kuwa kioo hakitoi nuru yake chenyewe, bali hufungua na kufunga mlango wa nuru iliyopo, betri ndogo sana huweza kudumu mwaka au zaidi.

Saa ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa na Gruen mwaka 1972, kwa vioo vya kampuni ya Fergason. Televisheni pana za leo zilihitaji uvumbuzi mwingine zaidi, hasa swichi nyembamba za kuendesha kila nukta ya picha, ambazo T. Peter Brody alizishughulikia pale pale Westinghouse. Nazo simu nyingi za bei kubwa sasa hutumia njia nyingine kabisa. Lakini katika kikokotoo na saa ya bei nafuu, ule msokoto wa robo duara bado ungali kazini.

WAWILI WADAI MOJA

Hapa ndipo habari inapotuhusu sisi. Tarehe 4 Desemba 1970, Wolfgang Helfrich na Martin Schadt, watafiti wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, walipeleka ombi la hataza nchini Uswisi kwa kioo cha namna hiyo hiyo. Ombi la Fergason liliandikishwa Marekani tarehe 22 Aprili 1971, naye akapewa hataza namba 3,731,986 tarehe 8 Mei 1973.

Ni nani mwenye haki? Sheria ya Marekani ya siku zile ilimpa haki aliyetangulia kuvumbua, hata kama amechelewa kuandikisha. Kwa hiyo swali la msingi halikuwa nani ana sauti kubwa, bali nani ana maandishi: ulifanya nini, tarehe gani, na nani alishuhudia. Mwishowe mapatano yalifikiwa. Kampuni ndogo ya Fergason ilikuwa na shida ya fedha. Hoffmann-La Roche ikainunua hataza ile, na Fergason akapata malipo na fungu katika ada za leseni.

Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Wako wataalamu ambao hata leo hubishana ni nani aliyetangulia, nami sina mamlaka ya kuwahukumu. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka 2008 chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, IEEE, kiliwapa wote watatu, Fergason, Helfrich na Schadt, nishani moja ya Jun-ichi Nishizawa. Fergason alifariki tarehe 9 Desemba mwaka huo huo. Alikwisha kupata zaidi ya hataza 130 za Marekani. Mwaka 2006 alikuwa ametunukiwa tuzo ya Lemelson-MIT ya dola 500,000, na alijulikana kwa kuwatetea wavumbuzi wanaofanya kazi peke yao. Miongoni mwa kazi zake za baadaye ni vioo vya kofia za wachomeleaji vinavyojitia giza chenyewe cheche inapowaka.

NASI HAPA UGANDA

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya ni ya Marekani na Uswisi tu. Mwaka 2018 kijana wa Uganda, Brian Gitta, alishinda Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi kwa chombo kiitwacho Matibabu, kinachotumia nuru nyekundu kwenye kidole kutafuta dalili za malaria bila kutoa damu. Vichwa tunavyo, upungufu ni wa daftari na hati.

Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014 inampa mwenye hataza ulinzi wa miaka 20. Uvumbuzi lazima uwe mpya, uwe na hatua ya akili ambayo fundi wa kawaida asingeiona kwa urahisi, na uweze kutumika katika kazi. Maombi hupelekwa katika Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB. Anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika anaweza kupitia shirika la ARIPO lenye makao yake Harare. Kwetu, na sasa hata Marekani, anayetangulia kuandikisha ndiye mwenye nguvu. Daftari ni shahidi wako. Ombi ndilo ngao.

Yafaa pia kusema ukweli usiopendeza. Kibao cha maji cha fundi wetu huenda kingekataliwa, kwa kuwa vipimo vya tangi viko katika nchi nyingine. Ni lazima mtu atafute kwanza kama wazo lake limekwisha kusajiliwa na mwingine. Na chombo kilichokwisha kutangazwa hadharani kinaweza kunyimwa hataza, hata kama aliyekitangaza ni mwenyewe kwa furaha yake.

KWA MATUMIZI YA NYUMBANI

Kwa kuwa sasa tunajua kilichomo ndani ya kioo, tuyashike haya machache:

Usimwage maji wala sabuni juu ya kioo cha televisheni. Tumia kitambaa laini, kikavu au chenye unyevu kidogo, na uzime umeme kwanza. Vichujio vya nuru huharibiwa na dawa kali.

Usikibonyeze kioo kwa kidole, wala usiwaache watoto wakigonge. Nafasi ya fuwele ni nyembamba mno.

Kikokotoo au saa ikiachwa juani, kioo chake kikawa cheusi chote, usikimbilie kuitupa. Joto limevunja gwaride la chembe. Iweke kivulini, mara nyingi hurudi katika hali yake.

Kioo kikipasuka na majimaji kutoka, usiyashike. Ukiyagusa, nawa kwa sabuni, na mabaki yafungwe mbali na watoto.

DAFTARI

Wiki iliyofuata nilirudi kuichukua televisheni. Fundi alinionyesha chombo cha pili alichokianza. Sitakieleza hapa, na msomaji sasa anajua sababu. Nilimpelekea daftari gumu la kurasa zilizoshonwa, ambalo karatasi haiwezi kuchomolewa pasipo kuonekana. Usiku ule alichora mchoro wake wote kwa kalamu ya wino, akatia tarehe. Nami niliweka sahihi kama shahidi. Na sajini, aliyepita kuelekea kituo cha Kira Road, akaweka yake baada ya kuapa kutokisimulia chombo hicho hata kwa mkewe.

Hataza bado hana. Ada anazikusanya kidogo kidogo katika kopo la maziwa, na kuna siku huzitumia kwa kodi ya kibanda akaanza upya. Lakini juzi mteja mmoja alipomwomba aeleze chombo kile kinavyofanya kazi, nilimsikia akijibu kwa adabu: "Ngoja, mzee wangu. Kwanza nikiandikishe, kisha nitakueleza."

Ndugu msomaji, kama nyumbani mwako yuko kijana anayefungua redio na kuzifunga tena, usimfokee kwa kuchafua meza. Mnunulie daftari.