MAFUTA YAVUJAYO GURUDUMU LA NYUMA

Dereva wa pikapu kuukuu apitaye njia za vumbi kati ya Wajir, Elwak na Mandera yampasa kutazama mara kwa mara upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Akiona mafuta mazito yametiririka huko, yaelekea sili ya ekseli, yaani mpira uzuiao mafuta, imechakaa. Mafuta hayo yakiingia katika breki, gari halisimami upesi, na maisha ya abiria yamo hatarini.

Kwanza magurudumu ya mbele huzuiwa kwa mawe, kisha gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Fundi hutoa dramu ya breki, huvuta ekseli nje, na kung'oa sili ya zamani bila kukwaruza mahali pake. Sili mpya hupakwa mafuta, mdomo wenye springi ukielekea ndani, nayo hugongwa polepole pande zote ikae sawa. Viatu vya breki vilivyolowa mafuta visioshwe tu, bali vibadilishwe.

Tena, juu ya nyumba ya ekseli mna tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na vumbi, hewa ya ndani ipatapo joto husukuma mafuta nje, hata kama sili ni mpya. Basi tundu hilo na lisafishwe, kisha mafuta ya difu yajazwe kwa kipimo chake.