Chipsi Zege za Nduguti: Karai, Mafuta ya Alizeti na Sahani ya Mgonjwa

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu au wa kisukari hupewa kliniki maagizo mawili yanayofanana kwa ufupi wake: apunguze chumvi, aache chipsi. Agizo la kwanza lina kipimo, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Agizo la pili halina kipimo wala maelezo. Mgonjwa hulitii kwa wiki mbili, kisha jioni moja hupita penye banda la chipsi, akanunua, akala kwa siri, na katika hudhurio lijalo akaficha. Tangu hapo mtoa huduma huwa anatibu mtu ambaye chakula chake hakijui.

Suala hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulionesha kwamba miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja alikuwa na kisukari. Watu hawa hawaishi Dar es Salaam peke yake. Wapo pia Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama iliyogawanywa kutoka Iramba mwaka 2012, ambako banda la chipsi ni sehemu ya jioni kama lilivyo katika kila mji mdogo wa Tanzania.

Chakula chenyewe kinajulikana. Viazi mviringo hukaangwa katika karai la mafuta mengi, kisha huhamishiwa kwenye kikaango, vikamiminiwa mayai yaliyopigwa na kugeuzwa hadi vishikane. Jina rasmi ni chipsi mayai. La mtaani ni chipsi zege, kwa jinsi mayai yanavyoshika viazi kama saruji ishikavyo kokoto. Ni chakula cha mchanganyiko tangu asili yake. Kiazi kilitoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na kukaanga viazi pamoja na mayai ni desturi ya zamani ya Wahispania. Nchini Kenya, viungo vya wapishi wenye asili ya Kihindi vilizaa chipsi masala. Uganda yai likaviringishwa ndani ya chapati, nalo likaitwa rolex. Kwa hiyo anayebadilisha chipsi zege ili zimfae mgonjwa havunji mila yoyote.

Kabla ya kubadilisha, inafaa kueleza kinachotokea ndani ya karai. Kiazi kibichi kwa sehemu kubwa ni maji. Kinapozama katika mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 180, maji ya juu yake hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Ndiyo mapovu yanayoonekana. Mvuke ukipungua, hasa chipsi zinapoopolewa na kuanza kupoa, mafuta huingia katika matundu ulimotoka. Ndiyo maana gramu 100 za kiazi cha kuchemsha hutoa kilokalori karibu 85, na gramu 100 za chipsi karibu 300. Karai lisilo na moto wa kutosha huzidisha tatizo, kwa sababu ukoko haufanyiki mapema na kiazi hukaa ndani ya mafuta muda mrefu zaidi.

Mafuta nayo hubadilika. Maji ya kiazi, hewa na joto huyavunja kidogo kidogo: hutokea asidi huru, kemikali zinazowasha macho na koo kama akrolini, na molekuli zilizoungana zinazoyafanya yawe mazito na yenye kunata. Chumvi inayonyunyizwa juu ya karai na kutu ya chuma huongeza kasi ya uharibifu huo. Katika majaribio ya wanyama, mafuta yaliyopashwa moto mara nyingi yamepandisha shinikizo la damu na kudhuru kuta za mishipa. Kwa binadamu ushahidi bado haujakamilika, lakini hakuna sababu ya kumfanya mgonjwa awe sehemu ya jaribio.

Hapa Singida panahitaji maelezo ya pekee. Mkoa huu unasifika kwa alizeti, na mafuta yake, yaliyokamuliwa katika mashine ndogo, huuzwa kando ya barabara katika chupa na madumu. Wakazi wanayaamini, na kwa haki. Mafuta ya alizeti yana mafuta magumu karibu asilimia 11 tu, ilhali ya mawese yana karibu nusu, na mafuta magumu ndiyo yanayopandisha lehemu mbaya katika damu. Mtoa huduma anayemshauri mgonjwa atumie alizeti anasema kweli.

Anasema kweli kuhusu kikaango, si kuhusu karai. Sifa ileile inayoyafanya mafuta ya alizeti ya kawaida yawe rafiki wa moyo, yaani wingi wa asidi laini aina ya linoleiki, ndiyo inayoyafanya yaharibike upesi yanapochemshwa kwa saa nyingi na kurudiwa kesho yake. Tena mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa hubaki na chembechembe na utomvu wa mbegu. Yanaweza kuanza kutoa moshi karibu na nyuzi 110, wakati yaliyosafishwa huvuka 220. Muuza chipsi anayejaza karai mafuta mabichi ya alizeti huona povu zito na moshi mapema, kisha hulaumu mashine ya kukamua. Mashine haina kosa. Mafuta yale ni ya kukaangia yai, kuungia mboga, kupikia kwa moto wa wastani mara moja na kumaliza. Ushauri wa "tumia alizeti" usiotaja namna ya kupika humpeleka mgonjwa kwenye mafuta bora yaliyotumiwa vibaya.

Jambo la pili la kutazama ni rangi ya chipsi. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyopikwa kwa joto kali hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo wataalamu wa saratani wameiweka katika kundi la zile zinazodhaniwa kwa uzito kusababisha saratani kwa binadamu. Hutokea zaidi joto likizidi nyuzi 120 pasipo maji, na huongezeka chipsi zinavyozidi kuwa za kahawia. Chipsi za rangi ya dhahabu ni afadhali kuliko zilizoungua pembe. Kuloweka viazi vilivyokatwa katika maji baridi kwa nusu saa, au kuvichemsha kidogo, huondoa sehemu ya sukari inayoianzisha. Viazi mviringo visihifadhiwe kwenye jokofu, maana baridi huongeza sukari hiyo.

Sahani inayopendekezwa hapa hukusanya mambo hayo, nayo inatosha watu wawili. Viazi mviringo vya ukubwa wa wastani vinne, au nusu yake viwe viazi vitamu vya rangi ya chungwa vijulikanavyo kama viazi lishe, hukatwa vipande vinene. Vipande vinene hunyonya mafuta kidogo kuliko vyembamba. Huchemshwa dakika tano katika maji yenye kijiko kimoja cha siki, ambayo huvizuia visivunjike. Maji humwagwa, na viazi hutandazwa juu ya kitambaa safi hadi vikauke kabisa. Hatua ya kukausha ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha chipsi na viazi vilivyolegea.

Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti huwekwa katika kikaango kipana, na viazi hugeuzwa kwa moto wa wastani hadi viwe na rangi ya dhahabu. Pembeni, vitunguu viwili, ambavyo Mkalama inavilima kwa wingi, huiva pamoja na nyanya, kitunguu swaumu, tangawizi na binzari nyembamba, bila mafuta ya ziada. Ndani yake huingia kikombe kimoja cha kunde zilizokwisha kuchemshwa. Hapa ladha ya chipsi masala hukutana na jungu la nyumbani: viungo hushika nafasi ya chumvi, na kunde huleta nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Mayai matatu ya kuku wa kienyeji hupigwa pamoja na mchicha uliokatwa na robo kijiko cha chai ya chumvi. Hiyo ndiyo chumvi yote ya sahani. Mayai humiminwa juu ya viazi, kikaango kikafunikwa, hadi yakauke juu na chini. Yai bichi katikati linaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Rojo la kunde humwagwa juu, kisha kachumbari iliyokamuliwa ndimu. Mboga za kachumbari zioshwe kwa maji yaliyotibiwa. Katika miezi mirefu ya kiangazi, maji yanapokuwa ya kununua, ni bora kuiacha kuliko kuiosha kwa beseni lililotumika asubuhi.

Wagonjwa hawalingani. Mwenye kisukari ajue kwamba mafuta huchelewesha tumbo kutoa chakula. Sukari ikipimwa saa 2 baada ya chipsi inaweza kuonekana njema, kisha ikapanda baadaye. Ni busara kupima tena baada ya saa 4, na mtoa huduma asitafsiri kipimo kimoja kuwa ruhusa. Mwenye figo zilizodhoofika aliyeagizwa kupunguza potasiamu achemshe viazi katika maji mengi na kuyamwaga, aache kunde, na apunguze nyanya. Mwenye shinikizo la damu aombe banda lisinyunyize chumvi, na aiache sosi ya chupa, maana chumvi yake haionekani.

Muuza chipsi naye anastahili kuzungumzwa naye, si kusemwa tu. Mafuta ni gharama yake kubwa, na anayemwambia ayamwage kila jioni hajui hesabu yake. Kinachowezekana ni hiki: ayachuje kwa kitambaa kila afungapo kazi, ayafunike mbali na mwanga, atie chumvi nje ya karai, na asiyaongezee mapya juu ya yaliyokwisha kuharibika, kwa kuwa ya zamani huyaharibu mapya kwa haraka. Yakitoa moshi kabla ya viazi kuingia, yakiwa na povu dogo lisilotulia, au yakinata kwenye mwiko, muda wake umekwisha. Mafuta hayo yasiuzwe kwa mkaanga maandazi wa jirani. Yakipoa na kuchujwa yanafaa kwa sabuni ya magadi moto, na watengenezaji wa sabuni huweza kuyanunua kwa dumu.