Tochi ya Njiani Imulike Miguu

Wauza tochi wengi husifia umbali. Huwasha mwanga ukagonga paa la jengo la ng'ambo ya barabara, na mnunuzi akaridhika. Kwa mlinzi wa shamba, sifa hiyo ina maana. Lakini anayerudi nyumbani kwa miguu baada ya magharibi, cha kumdhuru kipo hatua mbili tatu mbele yake: mtaro usio na kifuniko, jiwe, shimo, nyoka. Kifutu hasa hakimbii akisikia nyayo. Hutulia palepale, rangi yake ikimficha.

Hata huo umbali wa kwenye boksi una maana yake. Watengenezaji makini huupima hadi pale mwanga unapobaki luksi 0.25, karibu sawa na wa mwezi mpevu. Kwa hiyo "mita 200" ni kusema kwamba huko mwisho utaona kama uonavyo kwenye mbalamwezi, basi.

Kwa njia ya miguu, lumeni 50 hadi 150 zinatosha, mradi zimetawanyika. Dukani, simama hatua moja kutoka ukutani uiwashe. Ukiona kidoa kikali katikati na giza pembeni, iache. Unataka duara pana linalofifia taratibu kuelekea kingoni. Tena iwe na ngazi kadhaa za mwanga, maana jicho huhitaji hadi nusu saa kulizoea giza vizuri, na mwako mmoja mkali huliondolea uzoefu huo mara moja.

Jambo lisilosemwa sana ni namna ya kuishika. Shikia tochi usawa wa kiuno, mwanga ukienda kwa mshazari. Kila kokoto litatupa kivuli na kila shimo litaonyesha ukingo wake mweusi. Taa ya kichwani huacha mikono huru, nami siikatai kwa aliyebeba mzigo au mtoto. Ila mwanga wake husafiri karibu sambamba na macho, vivuli hujificha nyuma ya vitu, na ardhi yenye mabonde huonekana tambarare. Kwenye vumbi au ukungu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu chembe zilizo mbele ya uso hung'aa na kukuziba.

Rangi nayo isidharauliwe. Mwanga mweupe wenye ubuluu hupausha kahawia na nyekundu. Ule wa kelvini 4,000 hadi 5,000 husaidia kutenganisha jani kavu na ngozi ya nyoka.

Kwenye betri ndiko udanganyifu ulikojaa. Betri ya lithiamu ya aina ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, hata ikiwa bora, kwa kawaida hubeba takriban mAh 3,500. Ukikuta imeandikwa 9,900, muuzaji anakuuzia namba, na betri yenyewe huenda haifikii hata nusu ya ile 3,500. Mara nyingi lumeni zilizoandikwa pembeni yake nazo ni za kubuni. Asiye na umeme wa uhakika nyumbani namshauri anunue tochi inayotumia betri za kawaida za AA, ambazo hata duka la kijijini huwa nazo, na atembee na jozi moja ya akiba mfukoni.