Nguruwe Hufa, Ngiri Haugui

Mwaka 1921 daktari wa mifugo Montgomery alichapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukiteketeza nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Homa hiyo ya nguruwe ya Afrika ilifika Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, na aina zake kali huua karibu kila nguruwe wa kufugwa anayeambukizwa. Ngiri, wanaoumwa na papasi mashimoni mwao, hubeba kirusi kilekile bila kuugua. Ukali wa kirusi peke yake hauwezi kueleza tofauti hiyo. Nadhani jambo kubwa ni iwapo mwili unapashana habari mapema, kabla kirusi hakijazaliana.

Kirusi hiki hushambulia makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, na hujinakili hasa nje ya kiini cha seli. Hapo DNA haitakiwi kuwepo, ndiyo maana kuna protini iitwayo cGAS inayoinusa na kupiga mbiu. Mbiu ikipita, seli hutoa interferoni, ishara ya tahadhari, na majirani zake hujiandaa kumzuia mvamizi asitumie mitambo yao. Lakini kirusi kina jeni zaidi ya 150, na kadhaa kazi yake ni kuinyamazisha mbiu hiyo. Zimo zile za makundi ya MGF360 na MGF505. Watafiti walipoziondoa baadhi yake, nguruwe waliochanjwa kwa kirusi kilichobaki hawakuugua, na baadaye walihimili hata kirusi kikali. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote: kirusi kilichopokonywa vizima-mbiu hakikuua tena.

Kuna pingamizi la haki. Damu ya nguruwe mahututi hujaa ishara hizohizo za kinga, nazo huchangia homa, kuvuja damu na kufa kwa limfositi, seli nyingine za kinga. Je, ishara si ndizo zinazoua? Zinaweza, zikichelewa. Zikitoka wakati virusi ni vichache, humzuia adui. Zikifurika baada ya makrofaji kujaa virusi, huharibu mwili wenyewe. Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Katika Taasisi ya Roslin, Scotland, nguruwe walihaririwa jeni ya RELA, mojawapo ya zinazoongoza ishara za kinga, ifanane na ya ngiri, na bado waliugua, ingawa dalili zilichelewa. Basi siri ya ngiri haikai katika jeni moja, na anayetaka njia ya mkato ataikosa.

Vietnam iliidhinisha chanjo ya kirusi hai kilichopunguzwa jeni mwaka 2022. Ni hatua kubwa, lakini kirusi hai kinaweza kusambaa na kuchanganyika na virusi vya porini. Zaidi ya hayo, chanjo hiyo ilitokana na kirusi cha Georgia, ilhali mabandani mwa Kenya na Uganda huvuma aina nyingine za kijenetiki. Mfugaji wa huku anastahili chanjo iliyojaribiwa dhidi ya virusi vya huku. Hadi ipatikane, uzio imara na makombo yaliyochemshwa vizuri ndivyo vinavyomlinda.