Sola ya mkopo au ya kwako: nani ameshika swichi ya banda?

KUKU wa mayai hajui mkataba wa mkopo. Anachojua yeye ni mwanga. Akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku anataga vizuri. Ukipungua ghafla, mwili wake unaelewa kwamba msimu wa kutaga umekwisha. Kwetu Songwe jua hutupatia takriban saa 12, zaidi au pungufu kidogo kutegemea mwezi. Saa tatu au nne zinazobaki mfugaji anazitafuta kwenye taa.

Ndiyo sababu mfugaji mmoja wa Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, alipochukua sola ya "lipa mdogo mdogo" alianza na banda kabla ya sebule. Alifunga balbu tatu juu ya kuku wake 200, taa zikawaka kuanzia saa kumi alfajiri na kuzimwa saa mbili usiku. Alilipa kwa simu bila matatizo mpaka msimu wa kilimo ulipoanza na fedha yote ikaenda kwenye mbolea. Akachelewa, mtambo ukajifunga. Alipolipa, mtandao ulisumbua na tokeni ikachelewa kufika. Zilipopita siku sita, mayai yalikuwa yamepungua na baadhi ya kuku wameanza kunyonyoka manyoya.

Wapo watakaosema kosa ni lake, angelipa kwa wakati. Ni kweli, lakini tuangalie hesabu. Tuchukue mfano wa kuku 200 wanaotaga mayai 160 kwa siku. Wakishuka hadi 120, mfugaji anakosa mayai 40. Kama trei inauzwa Sh9,000, hiyo ni hasara ya Sh12,000 kila siku, kwa sababu ya deni la siku ambalo halifiki Sh1,000. Na kuku harudi kwenye utagaji siku taa inapowaka. Huchukua wiki kadhaa.

Mtambo wa namna hii unauzwa ukiwa na kufuli ndani yake. Paneli iko juu ya bati lako, betri iko chumbani kwako, lakini ruhusa ya kuwaka iko kwenye kompyuta za kampuni. Jambo hili haliwapati wakulima peke yao. Huko Marekani kampuni ya Eight Sleep inauza tandiko la kitanda linalopoza na kupasha joto, bei yake ni zaidi ya dola 2,000 na juu yake kuna ada ya uanachama. Oktoba 20, 2025 huduma za kompyuta za Amazon zilipopata hitilafu, baadhi ya wateja walijikuta kwenye vitanda vyenye joto wasivyoweza kuvirekebisha. Ukilinganisha, mtu mwenye taa za nyumbani zinazoendeshwa na programu huria kama Tasmota au ESPHome, ambazo hukaa ndani ya kifaa chenyewe, angeendelea kuwasha na kuzima hata intaneti ikikatika. Kitanda hicho hatukihitaji hapa Tunduma, ila swali la nani ameshika swichi ni lile lile.

Na kampuni nazo huyumba. Mobisol ya Ujerumani, iliyouza sola za malipo ya simu kwa wingi hapa Tanzania, iliomba ulinzi wa kufilisika Aprili 2019, na mwaka huo huo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Wakati huo mnunuzi alipatikana. Mfugaji anayesaini mkataba wa miaka miwili au mitatu ajiulize ni nani atakayetoa tokeni ya mwisho endapo siku nyingine hatapatikana.

Hata hivyo, tokeni yenyewe si adui. Mita za LUKU tunazozijua zinatumia tarakimu 20 chini ya utaratibu wa kimataifa uitwao STS, ambao viwanda vingi tofauti hutengeneza mita zinazoufuata. Wengi mtakumbuka usumbufu wa mwaka 2024, TANESCO ilipotutaka tuingize tarakimu za ziada kabla ya Novemba 24. Usumbufu ulikuwepo, lakini tarehe ilijulikana duniani kote mapema, maana utaratibu haukuwa siri ya mtengenezaji mmoja. Kwa upande wa sola ipo OpenPAYGO Token, iliyobuniwa na kampuni ya Solaris Offgrid na kuwekwa wazi kupitia taasisi ya EnAccess ili mtengenezaji yeyote aitumie bila kulipia. Kifaa hakihitaji mtandao kuisoma tokeni, na ndani ya mfumo huo imo tokeni maalumu ya kuondoa kufuli moja kwa moja deni likiisha. Muuzaji akikuambia kwamba kufuli lake haliwezi kuondolewa hata baada ya kumaliza kulipa, fahamu kuwa ni uamuzi wake tu, kwa sababu ufundi wa kuliondoa upo.

Sasa mbona tusinunue taslimu sote? Hapa ndipo wauzaji wa paneli wa Tunduma wanapopotosha watu kwa kulinganisha bei mbili tu. Tuseme vifaa taslimu ni Sh350,000, na kwa mkopo unatanguliza Sh50,000 kisha Sh800 kwa siku kwa miaka miwili, jumla Sh634,000. Tofauti ni Sh284,000, na inatisha. Lakini fedha ya taslimu ya mkulima wa Mbozi au Momba inatoka ghalani. Akiuza Julai kwa Sh45,000, atatoa magunia manane. Magunia hayo hayo yakisubiri Januari na kuuzwa Sh75,000, yangempatia Sh240,000 zaidi. Tofauti imebaki Sh44,000, na bado sijagusa dumuzi na gharama ya mifuko. (Bei hizi ni za mfano, weka za sokoni kwako.) Wala Januari haina ahadi: mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuvuka mipaka na bei ikaporomoka, na waliokuwa wamesubiri waliumia. Anayekimbilia mikopo ya "kausha damu" ili anunue sola taslimu, huyo ameruka majivu akakanyaga moto.

Kwa hiyo sipingi mkopo. Kwa taa ya sebuleni, redio na kuchajia simu, nauona ni wa haki, maana una dhamana, na ukifungiwa siku tatu utalala gizani na maisha yataendelea. Taa ya banda ni kifaa cha uzalishaji, na hiyo nashauri iwe ya kwako hata kama ni ndogo.

Nayo haihitaji makubwa. Balbu nne za wati 5 kwa saa nne ni wati-saa 80 kwa siku. Paneli ya wati 50 na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 zinatosha, pamoja na kontrola na taima ya volti 12 ya kuwasha na kuzima yenyewe. Usipunguze paneli kwa kuangalia jua la Julai; mawingu ya Januari na Februari ndiyo mtihani. Dukani mwombe fundi aipime paneli kwa mita juani, saa sita mchana: ya wati 50 kweli hutoa karibu ampea tatu. Ikitoa moja na nusu, umeuziwa karatasi iliyoandikwa 50. Na usiwawashie kuku usiku kucha ukidhani utapata mayai zaidi, kwani nao wanahitaji saa nane za giza.

Kwa anayebaki na mkopo, aulize kabla ya kusaini ni siku ngapi za kuchelewa kabla ya kufungiwa, kama kuna malipo ya msimu kwa anayepata fedha wakati wa mavuno, na kama plagi inakubali balbu na betri za duka lingine. Betri ya risasi huchoka baada ya miaka michache, pengine deni likiwa ndiyo kwanza limeisha. Ahadi ya tokeni ya mwisho iandikwe kwenye mkataba.

Yule mfugaji wa Mpemba hakuvunja mkataba wake. Televisheni na taa za nyumbani zinaendelea kulipiwa kwa simu. Bandani amefunga paneli yake mwenyewe, aliyoinunua kwa fedha ya trei za mayai katika miezi minne, na taima anaiweka mwanawe wa darasa la sita.