Fahamu: Kwa nini mchangamfu humpiku mjuzi kwenye usaili

Mwaka 2012 mwanasosholojia Lauren Rivera alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano 120 na waajiri wa benki za uwekezaji, kampuni za sheria na za ushauri nchini Marekani. Wengi walimpima mwombaji kwa kujiuliza kama wangefurahia kukaa naye. Hata michezo anayoipenda ilihesabika.

Hapo ndipo mhasibu mpole mwenye vyeti safi anapoachwa. Sauti yake ya chini inachukuliwa kuwa ni kutojiamini, kisha anarudi kusambaza CV. Huo ni uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Dawa inajulikana: wote waulizwe maswali yaleyale, alama ziandikwe papo hapo, na ujuzi ujaribiwe kwa kazi yenyewe. Mhasibu apewe hesabu zenye makosa, ayatafute.